Kabla ya Kumvua Samaki wa Mtoni, Yaandae Maji Yake

Swali linalotufikia mara nyingi hapa Bagamoyo ni hili: samaki wamevuliwa Ruvu au Wami, wamefika nyumbani wazima, wakaogelea siku nzima, kisha siku ya pili au ya tatu wakaanza kuelea mmoja mmoja. Muulizaji huongeza, "Na maji yenyewe ni masafi, unaona mpaka chini ya tangi." Kuona mpaka chini hakutwambii lolote kuhusu kilichoyeyuka ndani ya maji, na kwa samaki aliyetoka porini hicho ndicho chenye uzito kuliko vyote.

Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvichumvi nyingi kuliko maji anayoishi. Maji humwingia muda wote kupitia matamvua na ngozi, naye huyatoa kwa kukojoa sana, huku akifyonza upya chumvi zinazompotea. Kalsiamu iliyomo majini husaidia kupunguza uvujaji huo kwenye matamvua. Ukimhamisha ghafla, mfumo wote huo unatakiwa ubadilike kwa saa chache, wakati tayari amechoshwa na wavu na safari. Kambale na perege ni wavumilivu, tena sana. Visamaki vya vijito vya milimani na vile vidogo vya rangi vya madimbwi ya masika havina uvumilivu huo.

Maji ya pwani yetu yana tabia yake. Visima vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na upande wa Tanga kuna miamba ya chokaa, ile ile yenye mapango ya Amboni. Maji yake ni magumu, yaani yana chokaa nyingi iliyoyeyuka: sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe. Vijito vinavyoshuka Usambara Mashariki hupita kwenye miamba isiyoyeyuka kwa urahisi, hivyo maji yake ni laini. Anayemtoa samaki kijito cha Amani na kumtia kwenye maji ya kisima cha mjini Tanga amemhamishia maji ya namna nyingine kabisa, ingawa ni mwendo wa saa chache tu. Hata maziwa yetu yanatofautiana. Kadiri maji yanavyokuwa na chumvi nyingi zilizoyeyuka ndivyo yanavyopitisha umeme zaidi: ya Victoria hupitisha kiasi cha maikrosimensi 100 hivi kwa sentimita, ya Tanganyika zaidi ya 600, na pH yake (kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake maji ni machachu) hukaribia 9. Samaki wa Tanganyika ukimtia kwenye maji matupu ya mvua unamuumiza vilevile.

Kwa hiyo nenda na vipimo mtoni kabla ya kwenda na wavu. Pima jotoridi, pH, ugumu na upitishaji umeme. Kwenye dimbwi lenye majani na ukijani, pima alfajiri na upime tena alasiri, kwa sababu mimea ikipata jua hunyonya kaboni dayoksaidi na pH hupanda, kisha usiku hushuka. Ukipima mara moja tu utaondoka na namba isiyo ya kweli. Ukiwa huko, mwone pia afisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali.

Kuyalainisha maji ya kisima si kazi ngumu. Tuseme ugumu wake ni miligramu 300 kwa lita. Ndoo 1 ya maji hayo ukiichanganya na ndoo 3 za maji ya mvua, ambayo karibu hayana ugumu, unapata takriban 75. Ugumu unafuata hesabu hiyo. pH haiifuati, kwa hiyo changanya, tia hewa usiku kucha, ndipo upime. Mvua za mwanzo ziache zioshe paa kwanza. Maji ya bomba yatoe klorini kabla ya yote. Na tafadhali usikamue ndimu wala kumwaga siki kushusha pH ya maji magumu. Itashuka, halafu kesho itarudi ilikokuwa, na samaki atakuwa amepigwa mara mbili. Kagua na mchanga wa tangi: udondoshee siki, ukitoa mapovu una chokaa au makombe, na utayarudisha maji yako kwenye ugumu kidogo kidogo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mfuko wa safari. Ndani ya mfuko uliofungwa, samaki anatoa kaboni dayoksaidi na amonia, taka ya mwili wake. Kaboni dayoksaidi inashusha pH, na pH ikiwa chini karibu amonia yote hukaa katika hali isiyo na sumu kali. Kwa nyuzi 25, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 kwenye pH 7. Kwenye pH 8 ni zaidi ya asilimia 5, na kwenye 9 inapita theluthi. Sasa mtu anafika, anafungua mfuko, kaboni dayoksaidi inatoka na pH inapanda, kisha anaanza kumiminia maji ya kisima taratibu akidhani anamzoesha. Anaigeuza amonia kuwa sumu huku samaki bado yumo ndani. (Perege wa Ziwa Magadi, Kenya, huishi kwenye pH ya 10 hivi kwa sababu taka hiyo huitoa kama urea, isiyo na sumu kali. Samaki wengi wa mtoni hawana uwezo huo.)

Kwa safari ya saa nyingi, basi, acha kumlisha siku moja kabla. Ukifika, uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi ukiwa bado umefungwa mpaka jotoridi lilingane, ufungue, mchote samaki na kumtia moja kwa moja kwenye tangi lililokwisha kuandaliwa kwa vipimo vya mtoni, na maji ya mfuko yamwage. Kumzoesha kwa matone kupitia mpira mwembamba uliopigwa fundo kunafaa kwa ndoo yenye hewa iliyosafiri muda mfupi. Akishatulia kwa wiki kadhaa na kula vizuri, ndipo uanze kumsogeza kwenye maji yako ya kawaida, kwa kubadilisha sehemu ndogo kila mara.

Asiye na vipimo achukue chupa safi ya nusu lita, aizamishe mtoni, aijaze mpaka mdomoni bila kuacha nafasi ya hewa, na aifunge ikiwa bado majini. Aandike mahali, tarehe na saa, aiweke kivulini, na aifikishe mahali pa kupimia siku hiyo hiyo. Chupa iliyojazwa nusu au iliyolala usiku mzima inaweza kutoa pH tofauti na ya mto.