Kidingapopo: nasaba imo katika makosa

Mwaka 1870 homa ilienea Mji wa Zanzibar nyumba hadi nyumba. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu hapa, aliandika kuwa wenyeji wakiiita kidinga pepo, na kwamba wazee walikumbuka homa kama hiyo mwaka 1823. Wengi huona neno dengue limetoka kwenye jina hilo letu. Lakini wapo watafiti wanaosema ile ya 1870 huenda ilikuwa chikungunya, homa nyingine ya mbu, maana maumivu ya viungo yaliwang'ang'ania watu muda mrefu. Damu ya wagonjwa wale haikuwekwa, basi ubishi umebaki palepale.

Ndiyo maana jina la homa haliniridhishi. Kazi yangu ni kusoma jeni. Kirusi cha kidingapopo, yaani dengue, kina uzi mmoja wa RNA, ndio uliobeba jeni zake, wenye herufi kama 10,700, na kimeng'enya kinachounakili hakina cha kukisahihisha. Mfikirie mwanafunzi wa chuoni anayenakili ubao wa mwenzake, maalimu katoka: kosa la wa kwanza huandikwa na wa pili kama lilivyo, naye huongeza lake. Makosa mengi humwua kirusi au hayamfanyi kitu. Lakini virusi vinavyoshiriki kosa lile lile, aghalabu babu yao ni mmoja.

Aina za kirusi hiki ziko nne, DENV-1 hadi DENV-4, na kila aina ina koo zake. Mlipuko wa Dar es Salaam wa 2014 ulikuwa wa DENV-2, ukoo wa Cosmopolitan; ule wa 2019 ukaletwa na DENV-1. Kwa hiyo wa pili haukuwa makaa ya wa kwanza. Aliyeugua 2014 alikuwa na kinga ya aina ya pili, si ya ile ya kwanza. Tena maambukizo ya aina nyingine yanaweza kuwa mabaya zaidi, kwani kingamwili za zamani hukishika kirusi bila kukiua, zikakisaidia kuingia ndani ya seli.

Huku Unguja boti za Dar hushusha abiria bandarini Malindi kila siku. Homa ikizuka, nataka kujua: imevuka bahari, au ilijibanza humu humu, kwa mbu wa mapipa na matangi ya mitaa ya Ng'ambo hapa mjini, tangu masika yaliyopita? Koo hizo nazichora kama mti: ikichipua kwenye tawi letu la zamani, ni ya hapa. Ikikaa katikati ya matawi ya kwengine, ni mgeni.

Kujua hayo nahitaji damu ya siku tano za mwanzo za homa, kirusi kingalimo. Mtu wetu humeza panadoli kwanza, akapima malaria, akaambiwa hana, akarudi kulala. Akifika kwangu ni siku ya nane. Naona kingamwili tu, na hizo hazitaji ukoo.