Waziri amefafanua, mpinzani amedai

Kazi yangu ni kusikiliza redio. Ndio, nalipwa kwa hilo, nikisema kwenye shughuli watu wanacheka kwanza halafu swali linalofuata ni lile lile siku zote: haya mtaalamu tuambie, hii redio ya taifa inawabeba wale jamaa wa chama tawala au haiwabebi? Nikijibu kwa neno moja ntakuwa nimewadanganya, nikianza kueleza pilau linapoa, basi nimeona bora niandike hapa mara moja halafu siku nyingine nawatumia linki tu.

Kabla sijaingia kwenye hii kazi ya kufuatilia vyombo vya habari nilikuwa produsa wa kipindi cha asubuhi kwenye kituo kimoja, jina tuliache. Siku moja tumesoma habari ya wamachinga kuhamishwa, habari fupi, hata dakika mbili haifiki. Simu ya studio ikaita, mzee mmoja anafoka, "nyie mmeshanunuliwa na wapinzani, mnaichafua serikali." Nimeweka simu chini ikaita tena, mama mmoja, huyu hakufoka, aliongea taratibu kabisa, "mwanangu, hivi mmeamua kuwa tawi la chama tawala?" Habari ile ile moja! Mhariri wetu akafurahi kama kashinda bahati nasibu, akatuambia ukiona pande zote zinalalamika ujue umepiga katikati. Ile kauli nilikaa nayo miaka, naiamini na kuwafundisha wengine. Leo nikiisikia kwenye chumba cha habari naona ni uvivu uliovaa tai.

Kuna watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper, mwaka 1985 walichapisha utafiti ambao kwenye fani yetu unatajwa kama salamu. Waliwachukua wanafunzi 144, 68 kati yao wakiwa upande wa Israeli, 27 upande wa Waarabu, waliobaki hawana upande au wako nusu nusu, wakawaonyesha vipande vile vile vya taarifa za habari za televisheni kuhusu mauaji ya kwenye kambi za wakimbizi wa Kipalestina za Sabra na Shatila yaliyotokea Beirut mwaka 1982. Halafu wakawauliza mmeona nini. Wale wa upande wa Waarabu wakasema kila Israeli ilipotajwa, asilimia 42 ilitajwa vizuri na 26 vibaya. Wale wa upande wa Israeli wakasema vizuri asilimia 16 tu, vibaya 57. Kanda ile ile, chumba kile kile! Na kila upande una uhakika kwamba mtu asiye na upande akiiangalia ile habari atawageuka wao. Kinachonikera mimi mpaka leo ni hiki: waliokuwa wanaijua zaidi hiyo mada ndio waliona upendeleo zaidi, sio wale wasiojua kitu. Kwa hiyo yule mjuaji wa kijiweni anayesoma magazeti yote, ye ndio atalalamika kuliko wote, na ana sababu, kwa sababu kila kilichoachwa anakijua.

Sasa hapo ndipo watu wa redio wanapokimbilia kupumzika, wanasema si mnaona, tatizo ni msikilizaji. Hapana bana. Mizani ya muuza nyama ikiwa mbovu haina maana kwamba nyama imetimia kilo. Malalamiko ya pande mbili yanakuja kwenye habari iliyonyooka na yanakuja vilevile kwenye habari iliyopinda, hayakwambii kitu. Inabidi uende kwenye kanda yenyewe.

Na sisi ndio tunachofanya, tunarekodi, tunasikiliza, tunarudisha nyuma, tunajaza fomu: nani katajwa, sekunde ngapi, sauti yake imesikika au kasemewa, habari yake imekuwa ya ngapi. Sekunde ni rahisi, mtoto wa darasa la tano anaweza kuhesabu. Shida inaanza kwenye maneno.

Chukua sentensi mbili hizi, nimezitunga mwenyewe. "Waziri amefafanua kuwa mradi wa maji umekamilika." Na hii, "Mbunge wa upinzani amedai kuwa mradi wa maji haujakamilika." Hakuna aliyetukanwa, urefu karibu sawa, kwenye fomu ya sekunde wako droo. Lakini mtu akifafanua maana yake jambo ni kweli tayari, wewe tu ndio ulikuwa hujaelewa. Akidai, kazi ya kuthibitisha ni yake. Kaa na karatasi wiki nzima usikie, upande mmoja wanabainisha, wanasisitiza, wanatoa ufafanuzi, wanawahakikishia wananchi, upande wa pili wanadai, wanalalamika, wanatuhumu, na neno "amesema" lipo tu stoo halijaisha na halilipiwi ushuru. Nimeshawahi kumuuliza mhariri mmoja kwa nini, hakuwa na ubaya wowote, aliniangalia kweli kashangaa, akasema "kwani si ndivyo tunavyoandika siku zote?"

Halafu kuna vile viambishi vyetu, hapa Kiswahili kina ujanja ambao lugha nyingi hazina. Serikali imejenga zahanati. Serikali imewajengea wananchi zahanati. Serikali imetujengea zahanati. Ukisoma haraka unaona ni kitu kimoja. Ila ile ya pili imeshageuza kodi yako kuwa zawadi, na ya tatu imemuingiza mtangazaji kwenye foleni ya kupokea zawadi pamoja na wewe. Herufi mbili tatu tu. Na "imeelezwa kuwa", hii ndio kiboko, imeelezwa na nani? Mara nyingi ukifuatilia unakuta kaeleza mkuu wa wilaya, peke yake, na hakuna mwingine aliyeulizwa.

Tukija kwenye sauti, mkubwa anawekwa mwenyewe, unamsikia anapumua, unasikia na vigelegele nyuma yake. Mpinzani anafupishwa na msomaji wa habari, sauti kavu ya studio. Hata ukiwapa sekunde 40 kila mmoja, wa kwanza katembelea sebule yako na wa pili katajwa tu.

Watu wa mtaani wanadhani kuna mtu anapiga simu kila asubuhi kutoa maagizo. Simu zipo, tusidanganyane, lakini kwa niliyoyaona kikubwa ni vitu vya kawaida kabisa. Kituo hakina mafuta ya gari. Msafara wa waziri una nafasi kwenye gari, una chakula cha mchana, una posho ya usafiri, unaondoka saa kumi na mbili kamili na saa tisa ripota karudi ana klipu safi yenye makofi. Mkutano wa wapinzani uko mkoa wa pili, nauli utoe mfukoni, ukifika hujui kama polisi wataruhusu au watatawanya. Wewe ungekuwa ripota unayelipwa kwa stori ungeenda wapi? Stori ya waziri inaingia hewani, halafu saa kumi jioni ndio mtu anakumbuka "haijabalansi hii", anapiga simu moja kwa katibu mwenezi wa upinzani, haipatikani, basi wanaandika juhudi za kumpata ziligonga mwamba. Hapo mtu anaona katimiza wajibu.

Na kuna historia. RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, ilizaliwa mwaka 1965, shirika lililokuwepo likageuzwa kuwa idara chini ya wizara, na mwaka huo huo nchi ikawa ya chama kimoja kikatiba. Wakati huo kusema redio inapendelea chama kungekuwa kituko, chama, serikali na redio ilikuwa nyumba moja vyumba tofauti. Mzee wangu alikuwa anasikiliza taarifa ya saa mbili usiku, amekaa kimya kabisa, ikiisha anazungusha kile kitufe taratibu anatafuta masafa mafupi, "ngoja tusikie BBC na Ujerumani wanasemaje." Hakuwa mpinzani, alikuwa mwanachama mwenye kadi! Alishajifunza tu kwamba habari moja inasikilizwa mara mbili. Vyama vingi vikarudi 1992, mwaka uliofuata ikaja sheria ya utangazaji, redio binafsi zikaanza, RTD ikaja kuwa TUT, Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na sasa TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania, jina likahama kutoka redio ya serikali kwenda redio ya umma. Ila namna ya kupanga taarifa ya habari kwa vyeo, mkubwa kwanza, anayefuata, anayefuata, hiyo haikuhitaji sheria kuingia na haijapata sheria ya kuitoa.

Ndio maana msikilizaji wetu ukimwambia habari za utafiti wa Stanford anakuona kama unamtania, maana kumbukumbu yake inamtosha. Januari 2016 waziri Nape Nnauye alipotangaza kwamba TBC inaacha kurusha Bunge laivu kwa sababu ya gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, hesabu inaweza kuwa sawa kabisa lakini nani aliisikia kama hesabu? Na Agosti 2020 kwenye uzinduzi wa kampeni za chama cha upinzani cha Chadema pale Mbagala Zakhem, Freeman Mbowe aliyekuwa mwenyekiti aliwatoa TBC uwanjani, analalamika matangazo yamekatishwa. Ukishafika huko hata waya ukikatika kweli hakuna atakayeamini ni waya.

Watu wengi wanadhani ugonjwa huu ni wa redio zinazolishwa na serikali tu. Angalia Marekani. NPR, redio ya umma ya huko, pesa inayoipata moja kwa moja kutoka serikali kuu ilikuwa kama asilimia moja tu ya bajeti yake, nyingine inatoka kwa wadhamini na kwa vituo wanachama, na vile vituo vinaishi kwa kiasi kikubwa kwa michango ya wasikilizaji. Huko lawama inatoka upande wa pili, kwamba redio ya umma inawachukia wahafidhina. Aprili 2024 mhariri wao mmoja wa muda mrefu, Uri Berliner, aliandika makala kuwalaumu waziwazi, akataja kwamba mwaka 2011 wasikilizaji waliojiita wahafidhina walikuwa asilimia 26 na mpaka 2023 wamebaki 11, huku waliberali wamepanda kutoka 37 hadi 67. Wenzake kazini walimpinga vikali, wakasimamia kazi yao, ye akasimamishwa siku tano bila mshahara na mwisho akaacha kazi.

Mimi zile namba nazisoma tofauti kidogo na alivyozisoma yeye. Zinakwambia nani kabaki anasikiliza, hazikwambii peke yake kilichomfukuza aliyeondoka, inaweza kuwa redio ndio ilihama na inaweza kuwa wao walihamia kwingine, huko kuna redio za mazungumzo za mrengo wa kulia kila kona. Lakini wakishaondoka kinachofuata nakijua maana nimekaa kwenye kiti cha produsa: simu za lawama kutoka upande ule zinapungua, kumbe sio kwamba wameridhika, hawapo tu. Wanaobaki wanacheka utani wako wote, wanachangia pesa, na wewe unaanza kuandika kwa ajili yao bila kuambiwa na mtu. Redio inamfuata anayeiweka mjini, kwetu anaweza kuwa mwenye gari la msafara, kwao ni mwenye kadi ya benki anayesikiliza akienda kazini.

Na mwisho wake umeuma pasipotarajiwa. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshatengwa kwa utangazaji wa umma, na shirika lililokuwa linagawa zile pesa likatangaza mwezi uliofuata kwamba linafunga shughuli. NPR ya Washington, kwa asilimia yake moja, ilitikisika lakini ina pa kushika. Waliobanwa zaidi ni vituo vidogo vya vijijini, Alaska na kwenye maeneo ya wenyeji asilia, ambako ile ruzuku ndio ilikuwa inalipa umeme wa mtambo.

Turudi kwenye fomu yangu, kuna sehemu moja sijawahi kuimaliza vizuri na sidhani kama kuna mwenzangu kaimaliza. Wakati wa kampeni rais aliyeko madarakani ni mkuu wa nchi na ni mgombea. Sheria yetu ya uchaguzi iliandika kwamba wagombea urais wana haki ya kutumia redio ya taifa, sawa, zile dakika za kampeni tunazihesabu. Lakini saa mbili usiku akisikika anafungua kituo cha afya, hiyo naiweka safu gani? Fomu nyingi zina safu mbili, "kama kiongozi" na "kama mgombea." Kwenye ripoti inapendeza. Msikilizaji hana safu mbili kichwani.

Kipindi kimoja cha kampeni nilimpa mjomba wangu pale Tandika karatasi na penseli, ye ni chama tawala damu damu, nikampa na jirani yake baba Asha ambaye ni upinzani wa kuzaliwa, wakakaa baraza moja na redio moja na birika la kahawa katikati. Nikawaambia msijadili, hesabuni. Taarifa ikaisha, tukalinganisha. Sekunde walipishana kidogo sana, nilishangaa. Nani kasikika kwa sauti yake, walikubaliana yote. Hata "amedai" walizihesabu sawa, mjomba akaguna, akasema hili sikuwahi kulisikia. Tukafika kwenye habari ya kufungua kituo cha afya.

"Hiyo ni kazi," mjomba akasema. "Ulitaka kisifunguliwe mpaka kampeni ziishe, mama zenu wakajifungulie wapi?"

"Shemeji, kituo kimeisha Machi," baba Asha akajibu, na penseli yake imeshaandika M kubwa, mgombea.

Wakanigeukia mimi, si ndio mtaalamu. Nikachukua karatasi zote mbili, ile habari nikaiwekea alama ya kuuliza, na ukifungua mafaili yangu ya mwaka ule utaikuta bado ina hiyo alama.