Gruvu: kinachoifanya biti ya kompyuta ichezeke

Chukua biti ya kawaida ya haus, muziki wa dansi unaotengenezwa kwa kompyuta. Mwendo ni mapigo 120 kwa dakika, kiki (ngoma nzito ya chini) inagonga kila pigo, kofi linaingia pigo la pili na la nne, hati iliyo wazi (tasa linaloachwa livume) inajibu katikati ya mapigo. Kila kitu kimekaa juu ya mstari wa gridi, ile mistari inayogawa muda kwenye skrini, na hakuna kosa hata moja. Iwashe kwenye baa yoyote ya Kirumba, hapa Mwanza, uone: vichwa vitatikisika kidogo, kisha watu watarudi kwenye samaki na soga zao. Biti iko sahihi ila haichezeki. Inachokosa ndicho maprodyuza wanakiita gruvu, yaani tofauti ndogondogo za muda na nguvu kati ya pigo na pigo, zinazojirudia hadi mwili unazizoea na kuanza kuzisubiri.

Neno la kushika hapo ni kujirudia. Wengi wakiambiwa biti yao imekauka hukimbilia kitufe cha kuchanganya mapigo ovyo, kile kinachosogeza kila kitu mbele au nyuma bila mpango. Matokeo yake ni mpiga ngoma mlevi. Nenda Bujora pale Kisesa siku wanapocheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma iliyotoka kwenye kazi ya pamoja shambani, majembe yakiwa mikononi mwa wachezaji. Sikiliza wapiga ngoma peke yao kwa muda. Mtu mzoefu ana mahali pake pa kuvuta na mahali pake pa kusukuma, na mzunguko ukirudi, naye anarudi palepale. Wachezaji wanamwamini kwa sababu hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Holger Hennig walichapisha vipimo vya mpiga ngoma wa Ghana aliyepiga akifuata metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa. Hata kupotoka kwake kwa milisekunde chache kulikuwa na uhusiano: pigo lilibeba kumbukumbu ya mapigo yaliyotangulia. Wasikilizaji nao walipenda zaidi muziki uliopotoka kwa namna hiyo kuliko uliopotoka kwa bahati nasibu.

Chombo cha kwanza cha kujenga gruvu ni swingi, yaani kuchelewesha kidogo hatua ya pili katika kila hatua mbili. Hesabu yake ilienea kupitia mashine za ngoma za Mmarekani Roger Linn, aliyetoa LM-1 mwaka 1980, kisha akashirikiana na kampuni ya Akai kwenye MPC60 ya mwaka 1988. Gawa baa moja ya muziki, yaani mapigo manne, hatua 16. Katika mwendo wa 120, kila hatua ina milisekunde 125, na hatua mbili zikiunganishwa zina 250. Asilimia 50 maana yake hatua ya pili inaanguka katikati kabisa, yaani hakuna swingi. Ukiweka 56, inaanguka kwenye milisekunde 140, imechelewa kwa 15. Ukifika karibu na 67 umeshaingia kwenye mapigo ya tatu-tatu, na biti inaanza kuruka kama farasi. Kwa haus mimi sipendi kuvuka 58.

Sasa angalia jambo linalowachanganya vijana wengi studio. Swingi ya aina hii huchelewesha hatua shufwa tu: ya 2, ya 4, ya 6, na kuendelea. Katika biti yetu ya mwanzo kiki iko kwenye hatua ya 1, 5, 9 na 13, kofi kwenye 5 na 13, hati kwenye 3, 7, 11 na 15. Zote ni witiri. Unaweza kuzungusha kitasa cha swingi mpaka mwisho na hutasikia chochote, kwa sababu hakuna cha kuchelewesha. Mtu hulaumu programu, anatafuta toleo jingine, kumbe hajaweka mapigo madogo yanayobeba swingi. Hayo hutoka kwenye sheka (kichekecheke), kwenye hati iliyofungwa, au kwenye sneya (ngoma kali ya juu) za chinichini zinazopigwa kwa nguvu ndogo sana.

Ndipo tunafika kwenye nguvu, au velositi, inayopimwa mpaka 127. Kama sheka yako ina mapigo 16 na yote yana 100, umetengeneza cherehani. Jaribu kila kundi la mapigo manne liwe 95, 50, 75, 45. Halafu ongeza sneya mbili za chinichini, hatua ya 8 na ya 10, zikiwa na 30 hivi. Hazitakiwi kusikika kama mapigo yanayojitegemea. Ukizizima ndipo unagundua kwamba kuna kitu kimeondoka. Kwangu mimi, mtu akiwa na saa moja tu ya kurekebisha biti, aitumie yote hapa kabla ya kugusa muda.

Lakini sheka ya kwenye kifurushi cha sampo, vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari, ina ulemavu wake: ni sauti ileile moja ikirudiwa. Mwanza dawa iko karibu. Kwaya nyingi zina kayamba, na simu ya kawaida inatosha kulirekodi chumba kikiwa kimya. Mwombe mpigaji apige dakika mbili akisikia metronomu sikioni, kisha fungua sauti hiyo kwenye kompyuta uikuze. Utaona mambo mawili. Kwanza, mkono ukienda na mkono ukirudi havitoi sauti moja. Kimoja ni kikali, kingine kimelala. Kwa hiyo kata sampo nne au sita, za kwenda na za kurudi, uzipange kwa zamu.

La pili ndilo wengi hawalijui. Sauti ya kayamba haianzi ghafla kama kiki. Mbegu zinasafiri kwanza ndani ya mabua, mchakacho unapanda, halafu zinajikusanya upande wa pili na hapo ndipo sikio linahesabu pigo. Kati ya mwanzo wa sauti na kilele chake kuna milisekunde kadhaa. Ukikata sampo pale inapoanza na kuiweka juu ya mstari wa gridi, kayamba litasikika limechelewa, ingawa kwa macho liko sawa. Livute nyuma, yaani lianze mapema, mpaka kilele ndicho kikae kwenye mstari, au pale unapotaka swingi iangukie. Hapa macho yanadanganya, kwa hiyo geuza uso usitazame skrini wakati wa kulisogeza.

Kiki iache ilipo. DJ ataitegemea kuunganisha wimbo wako na mwingine, na besi inayoanza nayo ikitengana nayo kidogo, uzito wa chini unapotea. Kofi unaweza kulichelewesha milisekunde 5 hadi 10 ili biti itulie, au kulitanguliza kidogo ili iharakishe. Litoshe hilo.

Na si kila muziki unataka haya yote. Singeli, ambayo huenda kasi ya mapigo 200 na zaidi, ina hatua ya milisekunde 75 au chini ya hapo. Zile 15 za kuchelewesha, ambazo kwenye haus zilikuwa ladha, hapa ni moja ya tano ya hatua nzima na biti inaanza kujikwaa. Isitoshe, utamu wa singeli uko kwenye ule mkimbio usiopumua. Nimesikia watu wakijaribu kuilainisha, na ilichotoa ni singeli yenye mafua. Amapiano ni kinyume chake: mwendo wa 112 hivi, nafasi ni nyingi, na sheka ikiwa imenyooka kama rula hakuna besi itakayoiokoa.

Ukimaliza, usiamulie kwenye hedifoni. Spika ya bajaji humeza sneya za chinichini zote na kubakiza kiki, kofi na sheka. Icheze biti humo, au kwenye spika ya simu. Kama swingi imetoweka, ina maana umeibebesha kwenye sauti zisizosikika. Ihamishie kwenye sheka, panda kutoka 54 hadi 56, usikilize tena.