Chura hapigi kelele tu
Methali yasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na wengi tumekua tukiamini chura anapiga kelele tu, tena kelele za wengine hazimsumbui. Sivyo.

Mtazame dume kando ya dimbwi usiku: koo linafura kama puto, linanywea, linafura tena. Anamwita jike wa aina yake, na kila mlio unamla nguvu. Jike humtafuta kwa masikio. Malori yakipita jirani, ngurumo zake hufunika milio mizito, na mwito uliokuwa ukifika mbali huishia karibu. Mjini Melbourne, Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta aina moja ya chura wa mitini akilia kwa sauti nyembamba zaidi penye magari mengi. Inasaidia kidogo tu. Tena kwa baadhi ya vyura, jike hupenda sauti nzito, kwa hiyo dume akisikika bado anaweza kukataliwa. Hilo hunihuzunisha.

Yupo mwingine China, kwenye vijito vya kishindo, ambaye mlio wake hupanda kupita mitetemo 20,000 kwa sekunde, juu ya upeo wa sikio la binadamu. Huyo alipata vizazi visivyohesabika vya kuyazoea maji yake. Magari yana miaka mia na ushee tu.