Kuandika "30 Septemba" hakumalizi ghala

Nimeletewa tena ratiba ya ujenzi wa ghala la korosho, iliyopangwa kwa programu ya Microsoft Project, ambayo kila kazi, kuanzia kusafisha eneo hadi kupaka rangi, ina tarehe iliyochapwa kwa mkono, na ile ya mwisho, kukabidhi, imefungwa kwa sharti la MFO (Must Finish On), yaani lazima iishe siku hiyo hiyo: 30 Septemba. Nikauliza kwa nini. Jibu likawa lile lile ninalolisikia Mtwara, Lindi, Masasi na kila ninakokwenda: "Mteja anataka liishe kabla ya msimu, ndiyo maana tumelazimisha."

Mmelazimisha nini? Mafundi hawajalazimishwa. Bati halijalazimishwa. Kilicholazimishwa ni mstari mmoja kwenye skrini. Ni sawa na kuushika mshale wa saa ili jua lisichwe.

Presha najua inakotoka. Minada ikifunguliwa Oktoba, chama cha msingi kinataka pa kuweka magunia, na hakuna mhandisi anayependa kusimama mbele ya mkutano wa wakulima akieleza habari za kenchi. Lakini tazama programu inavyofanya. Usipogusa mipangilio yake, Project huheshimu tarehe ya sharti kuliko linki, ile inayoifunga kazi na kazi inayoitangulia. Uezekaji ukisogea hadi 12 Oktoba, kukabidhi hakuendi nao. Kunabaki pale pale 30 Septemba. Chati ya Gantt, ile ya mistari ya kazi kwenye kalenda, itakuonyesha, bila haya, ghala limekabidhiwa na mafundi bado wako juu ya paa. Onyo lilitokea, ndiyo. Ni kile kisanduku ambacho kila mtu hubofya kuendelea bila kukisoma. Na kwenye safu ya floti, yaani nafasi ambayo kazi inaweza kuchelewa bila kuchelewesha mwisho, kuna namba yenye alama ya kutoa, ila safu hiyo hakuna aliyeifungua.

Tarehe ya mteja iweke kama dedlaini. Iko kwenye dirisha lile lile la masharti, juu kidogo. Utapata mshale mdogo wa kijani, kazi itabaki huru kwenda inakopelekwa na linki, na ikiupita mshale, alama nyekundu itatokea. Wanaosema dedlaini ni pambo tu wamekosea: inaingia kwenye hesabu ya floti, na mnyororo wote unaochelewesha makabidhiano utasoma hasi. Hapo unajua uongeze mafundi wapi.

Sasa hili linalonichosha zaidi. Nikimwambia mtu ratiba yake imejaa masharti, ananiapia kwamba hajaweka hata moja. Ameweka, bwana. Ukichapa tarehe kwenye safu ya kuanza, Project inaweka SNET kimya kimya: kazi isianze kabla ya siku hiyo. Ukiburuta mstari kwa mausi, hivyo hivyo. Ukichapa tarehe ya kumaliza, inaweka FNET: kazi isiishe kabla ya siku hiyo. Kialama cha kalenda chenye kitone cha bluu kinatokea pembeni, na watu wanakiona kama urembo wa programu.

Ubaya wa SNET ni kwamba hailalamiki. Lenta zikichelewa, kenchi zinasogea mbele kama kawaida, na mwenye ratiba anasema, "Si unaona inafanya kazi?" Inafanya kazi upande mmoja. Lenta zikiwahi wiki nzima, kenchi zinabaki kusubiri 15 Julai uliyoichapa mwezi Machi ukiwa unakisia. Yaani ratiba hiyo inajua kuchelewa, haijui kuwahi. Na pengo lile la wiki linageuka floti ya bandia kwa kila kilicho nyuma yake: msingi, jamvi, nguzo, ukuta. Ukiiuliza programu ni kazi zipi zisizo na nafasi ya kuchelewa, itakuanzia kwenye kenchi kwenda mbele, kana kwamba msingi unaweza kumwagwa siku yoyote utakayojisikia. Foremani akiamini hivyo, anaazima wachimbaji wake kwenye kazi nyingine, na huwezi kumlaumu.

(Kazi za kupangwa kwa mkono, zilizoingia na toleo la 2010, ni balaa jingine. Zigeuze zote zijipange zenyewe, ndipo tuongee.)

Usifute masharti yote kwa mkupuo, maana mengine ni ya kweli. Fungua safu ya aina ya sharti, pita moja moja, uliza: tarehe hii kaisema nani? Kama ni wewe, rudisha kwenye mapema iwezekanavyo na uweke linki. Kama ni mtu wa nje, kwa mfano meli inayoleta vifaa bandarini, kibali cha ujenzi au mwenye eneo ambaye hajaondoka, SNET ina haki yake. Andika sababu kwenye noti ya kazi hiyo.

Mvua ni habari nyingine. Huku kwetu msimu ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na watu huweka SNET ya 1 Juni kwenye kazi za udongo. Sharti hilo linazuia kuanza mapema tu. Kazi ikianza Oktoba na kuingia Desemba, halina la kusema. Kalenda maalumu ya kazi za udongo inalo. Lakini siku ngapi za Januari niziite za kazi? Namuuliza foremani, nakata kidogo, naandika. Ni makisio yaliyovaa suti. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Somanga, hakuna kalenda iliyokuwa na siku hizo. Bati likikwama njiani namna ile mimi huweka SNET yenye noti. Wenzangu wanataka iwe kazi kamili yenye muda wake, wapate kuhesabu ucheleweshaji wakati wa madai. Huenda wao ndio wenye hoja.

ALAP, ile ya kuchelewesha kadiri iwezekanavyo, watu wanaipenda kwa ununuzi wa saruji ili hela isilale. Kwenye Project inakula floti yote ya mnyororo, na kazi zinazofuata zinaweza kusukumwa nayo. Primavera, programu nyingine ya ratiba, inakula floti huru tu, ile isiyogusa kazi inayofuata. Kwa Primavera pia, sharti la kumaliza kabla au siku fulani linabana tarehe za kuchelewa kabisa na kuacha za mapema zilivyo, wakati FNLT ya Project (kazi isiishe baada ya siku fulani) huweza kuvunja linki. Basi msinakiliane masharti kutoka programu moja kwenda nyingine.

Lipo swali linalonisumbua: yule mkandarasi wa MFO kila mahali, mbona mara nyingine anamaliza kwa wakati? Nadhani foremani wake hajawahi kuifungua ratiba. Anayo kichwani, na linki zake ni nzuri kuliko zangu.

MSO, sharti la kazi kuanza siku ile ile iliyotajwa, ninaitumia mahali pamoja: umeme unapozimwa kwa tarehe iliyotajwa kwenye barua ili tuunganishe laini. Hapo pia siifungi kazi ya kuunganisha. Naweka tukio la siku sifuri lenye sharti, na kuliunganisha na maandalizi yanayolitangulia. Maandalizi yakichelewa, floti inasoma hasi wiki kadhaa kabla, na ninakuwa na muda wa kupiga simu kuomba tarehe nyingine.