Kabla hujaishusha Beetle yako mbele

Vijana wanaofufua Volkswagen Beetle za zamani huja na swali lilelile: springi zikatwe mizunguko mingapi ili gari likae chini? Huwa nawaambia waingie uvunguni kwanza. Ukiacha modeli za 1302 na 1303, zilizoanza kutoka mwaka 1970, Beetle haina springi ya mviringo mbele. Ina mabomba mawili yaliyolazwa kukingama, moja juu ya jingine, na ndani ya kila bomba kuna fungu la vyuma bapa lililobanwa katikati kwa skrubu. Gurudumu likikuta tuta, mkono wake husokota vyuma hivyo, navyo hujisokotoa kurudi. Kwa mfumo huo Beetle ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa ni dhaifu.

Kuchomoa baadhi ya vyuma hivyo ndiyo njia rahisi, nami siipendi. Gari linashuka kweli, ila springi imepungua nguvu. Ukifunga breki ghafla pua inazama mpaka chuma kigonge chuma. Afadhali bomba likatwe katikati, sehemu ya skrubu izungushwe kidogo, kisha lichomelewe. Nguvu inabaki ileile, lakini utahitaji shokomzoba fupi, na kwa magari ya 1966 kuendelea angalia boljointi, yaani viungo vya mpira wa chuma vinavyoshika gurudumu kwenye mikono, maana ukishusha sana hufika mwisho wa pembe yake na kuanza kukwama. Ningekuwa na fedha ningenunua spindo, vile vipande vinavyobeba gurudumu, ambazo ekseli ya gurudumu imepandishwa juu: gari linashuka kama sentimita 6, mikono inabaki ilivyotoka kiwandani. Hakikisha tu tairi halili madigadi.

Kinachosahaulika karibu kila mara ni kasta, yaani mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Tazama gurudumu la mbele la baiskeli: uma wake umelala nyuma, ndiyo maana mwendesha baiskeli hodari anaweza kuachia mikono. Beetle nayo imelazwa hivyo. Ukishusha mbele na nyuma ukaiacha juu, gari zima linainamia mbele, na ule mlalo unapungua. Mjini hutahisi kitu. Barabara kuu, basi likikupita, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga. Dawa yake ni bei ndogo: vipande vya chuma vya kujazia kati ya bomba la chini na kichwa cha chesesi (ncha yake ya mbele), ili bomba hilo lisogee mbele.

Mwenye kuchomelea akumbuke kwamba mabomba hayo yana grisi ndani, na tangi la petroli liko juu yake papo hapo. Nimewahi kumkuta fundi mzoefu tu akiwasha mtambo wa kuchomelea huku tangi limo, nusu limejaa. Lishushe, toa vyuma, safisha grisi, ndipo uwashe moto. Ukimaliza kufunga, peleka gari likapimwe alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, kabla ya kuingia barabarani, kwa sababu kila kimo kinapobadilika, tairodi, zile fimbo za usukani, nazo huvuta magurudumu nje ya mstari.