Utarajali wa Saikolojia Tiba katika Kliniki ya Jamii: Maana Yake

Utarajali ni kipindi ambacho mtu aliyekwisha kuisoma fani yake darasani huanza kuhudumia watu halisi, huku dhamana ya kazi yake ikiwa bado mikononi mwa mtaalamu mwenye leseni. Neno hili limezoeleka zaidi kwa madaktari, lakini linafaa vilevile kwa wanasaikolojia, kwa kuwa mtarajali ni mtu anayetarajiwa: anafanya kazi ya mwanasaikolojia tiba kabla hajaruhusiwa kuitwa hivyo. Humpokea mteja, humsikiliza, humpima, huandika kumbukumbu katika faili na kupanga naye vikao vinavyofuata. Hata hivyo, kila uamuzi wake mzito hupita kwa msimamizi, na likitokea la kutokea, msimamizi ndiye atakayeulizwa kwanza.

Dhamana hiyo ya watu wawili ndiyo kiini cha dhana yenyewe. Mwanafunzi anayekaa pembeni ya chumba akitazama mtaalamu akifanya kazi bado hajawa mtarajali, na mhitimu anayefanya kazi peke yake, hata kama ni mgeni kazini, hayumo tena katika utarajali. Kliniki inayompa mtarajali wateja wengi kisha ikamwacha ajitegemee kwa sababu watumishi ni wachache imepata mfanyakazi wa bei nafuu, lakini haitoi mafunzo, hata kama cheti chake kitasema vinginevyo.

Mpango huu una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwanasaikolojia wa Marekani Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya kisaikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896, na tangu hapo mafunzo na huduma vilikaa chini ya paa moja. Mwaka 1920 kundi la wanasaikolojia-uchambuzi, yaani wafuasi wa tiba ya mazungumzo ya Sigmund Freud, Max Eitingon akiwa miongoni mwao, lilifungua kliniki jijini Berlin, na humo ukajengeka utaratibu uliomtaka mwanafunzi asome nadharia, achambuliwe yeye mwenyewe kwa tiba hiyohiyo, na ahudumie wagonjwa huku mtaalamu mzoefu akiifuatilia kazi yake. Sharti hilo la tatu limeenea hata kwa wasiokubaliana na mengine yote yaliyofundishwa Berlin. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mahitaji ya askari waliorudi nyumbani yaliilazimu Marekani kuzalisha wanasaikolojia tiba kwa wingi, na mkutano uliofanyika Boulder, Colorado, mwaka 1949 ulikubaliana kwamba wafundishwe kuwa watafiti na watabibu kwa pamoja, na kwamba utarajali uwe sehemu ya shahada yao ya uzamivu.

Muda wake hutofautiana kati ya nchi na nchi, ingawa mwaka mmoja wa kazi ya kutwa ni kipimo cha kawaida. Nchini Marekani, programu yenye ithibati ya Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani hutakiwa kumpa mtarajali angalau saa 4 za usimamizi kila wiki, na kati ya hizo saa 2 au zaidi ziwe za yeye peke yake na msimamizi, si za kikundi. Afrika Kusini humtaka mwanasaikolojia tiba amalize miezi 12 ya utarajali, kisha atumikie mwaka mmoja wa huduma kwa jamii kabla ya kuanza kujitegemea.

Idadi ya saa, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu kinachofanyika ndani yake. Mtarajali anaweza kuingia katika chumba cha msimamizi kila wiki, akaeleza kwamba kikao kilikwenda vizuri, akapongezwa na kutoka bila kujifunza kitu, kwa sababu alisimulia kile tu alichokiona yeye, na alichokosea ni kile ambacho hakukiona. Ndiyo maana walimu makini husisitiza kwamba kazi yenyewe ionekane au isikike, ama kwa msimamizi kukaa nyuma ya kioo kinachoonyesha upande mmoja tu, ama kwa kurekodi kikao baada ya mteja kutoa ridhaa ya maandishi. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers alianza kurekodi vikao kwa ajili ya utafiti na ufundishaji tangu miaka ya 1940, wakati ambapo kufanya hivyo kulihitaji mashine nzito na sahani za santuri, na sauti hizo ziliwaonyesha wanafunzi wake umbali uliopo kati ya walichodhani wamesema na walichosema kweli.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika rekodi mama mmoja anasema, "Nyumbani hakuna anayeniuliza nimeshindaje," kisha ananyamaza. Zinapita sekunde nne, halafu inasikika sauti ya mtarajali: "Na usingizi je, unalala saa ngapi?" Swali hilo lina nafasi yake katika uchunguzi wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, lakini limeufunga mlango uliokuwa umeanza kufunguka. Msimamizi husimamisha rekodi papo hapo na, badala ya kutoa hukumu, huuliza, "Hapa ulikuwa unahisi nini?" Mtarajali hufikiri, kisha hukiri kwamba ukimya ule ulimtisha, akaona kana kwamba kikao kimemfia mikononi. Kuanzia hapo mazungumzo huhamia kwa mtarajali, kwa nini hawezi kuvumilia ukimya wa mtu mwenye huzuni, na wiki inayofuata atakuwa na jambo moja la kulifanyia mazoezi. Namna hii ya kumkumbusha mtarajali alichokihisi kwa kumrudisha kwenye rekodi ilipewa utaratibu rasmi na mwanasaikolojia Norman Kagan katika miaka ya 1960, na sijaona njia nyingine inayofundisha haraka kuliko hiyo.

Kuna mgongano hapa ambao haufai kufichwa. Msimamizi hubeba kazi tatu kwa wakati mmoja: kumlinda mteja, kumfundisha mtarajali, na kumtathmini ili aseme kama anastahili leseni. Mtarajali anaambiwa aanike makosa yake mbele ya mtu yuleyule atakayetia sahihi mwisho wa mwaka, na si ajabu akachagua kuleta rekodi ya kikao chake kizuri zaidi. Programu nzuri hupunguza woga huo kwa kuandika vigezo vya tathmini tangu siku ya kwanza, kutoa tathmini ya katikati ya mwaka ili mapungufu yasije yakatajwa kwa mshtuko mwishoni, na kumchukulia anayeleta kosa lake kwa hiari kuwa ndiye anayeendelea vizuri. Woga wenyewe hauishi kabisa, nami naona ni heri ukatajwa wazi kuliko kujifanya haupo.

Ulinzi wa mteja huonekana waziwazi pale penye hatari. Kliniki nyingi hutumia dodoso fupi la maswali 9 kupima dalili za sonona, lijulikanalo kama PHQ-9, ambalo jumla yake huanzia 0 hadi 27. Swali la tisa huuliza kuhusu mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Mteja anaweza kupata jumla ndogo, tuseme 6, na bado akawa ameweka alama kwamba mawazo hayo humjia siku kadhaa. Mtarajali anayetazama jumla peke yake atamruhusu aende nyumbani. Aliyefundishwa vizuri atamuuliza moja kwa moja, kwa utulivu, kama anawaza kujiua, kama amefikiria njia na kama anayo karibu, akijua kwamba kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kisha atamtafuta msimamizi kabla mteja hajaondoka, ili mpango wa usalama uandikwe na watu hao wote watatu. Kliniki ambayo saa hiyo haina mtu wa kupigiwa simu haijawa tayari kupokea watarajali.

Kliniki ya jamii huongeza ugumu usiopatikana katika hospitali kubwa. Wateja hawaji na ugonjwa mmoja uliosafishwa kama wa vitabuni. Huja na huzuni iliyochanganyika na kodi ya nyumba, kesi mahakamani, kisukari na mtoto aliyefukuzwa shule. Mtarajali hulazimika kujifunza lini atibu, lini aandike barua ya rufaa, na lini aketi tu na mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mteja akizungumza lugha nyingine, hutafutwa mkalimani aliyefunzwa, na kamwe mtoto wake asifanywe mkalimani, kwa sababu mama hatasema mbele ya mwanawe mambo aliyokuja kuyasema. Tena mtarajali huishi miongoni mwa watu anaowahudumia. Atakutana nao kwenye basi au katika nyumba ya ibada, na utaratibu wa busara ni kukubaliana tangu kikao cha kwanza kwamba hatamwanza mteja kwa salamu mbele ya watu, si kwa dharau, ila kumwachia mteja uamuzi wa kujulikana au kutojulikana.

Katika kikao hichohicho cha kwanza mteja huelezwa mambo mawili ambayo watarajali wengi huyataja kwa sauti ya chini: kwamba anayemhudumia bado yuko mafunzoni, pamoja na jina la msimamizi wake, na kwamba mafunzo hayo yana tarehe ya mwisho. Jambo la pili husahaulika kwa urahisi, mpaka mwezi wa kumi na moja unapofika na mtarajali ana wateja kadhaa waliomzoea, baadhi yao wakiwa ni watu walioachwa mara nyingi maishani. Kwa hiyo vikao vya mwisho hupangwa mapema, mteja hupewa nafasi ya kukasirika au kusikitika, na pale tiba inapohitaji kuendelea, mtarajali anayeingia huletwa chumbani akatambulishwa na yule anayeondoka, wote watatu wakiwa wameketi pamoja, na faili likiwa mezani.